Kitanda cha Zaina na Randa ya Bei Rahisi

Sogeeni karibu. Mwenye kamasi apenge kwanza, maana hapa tutalia kidogo.

Huyu ni Zaina wa Lushoto. Aliishi na Mama na Babu. Babu alikuwa fundi seremala, na akikohoa, kuku wote walikimbia.

Babu alianza kumtengenezea Zaina kitanda. Akachonga miguu minne, akakata na mbao.

Kisha Babu akaugua. Kisha Babu akafariki.

Mjomba Mbelwa, mtoto wa kwanza wa Babu, akaja kuchukua vifaa. Ndiyo desturi ya kwao. Msumeno ukaenda. Nyundo ikaenda. Randa ikaenda pia, ile ya kulainishia mbao.

Karakana ikawa kimya. Kuku hawakuwa na wa kumkimbia.

"Mama, kitanda changu atakimaliza nani?"

"Mimi," akasema Mama. Lakini Mama alizoea kupaka vanishi tu. Kupiga randa ilikuwa kazi ya Babu.

Siku ya gulio, Mama akanunua nyundo na randa. Zilikuwa za bei rahisi, zimepangwa chini kwenye turubai, kati ya masufuria na ndala.

Mama akapiga msumari. Ko, ko. Kichwa cha nyundo kikachomoka, kikaruka, kikatua kwenye bakuli la uji wa Zaina. Chubwi.

Babu angecheka mpaka akae chini. Zaina hakucheka.

Mama akashika randa. Krrk, krrk. Ubao ukachanika.

*Randa ya bei rahisi.*
*Siyo ya Babu, siyo ya Babu.*

Mama akasukuma tena, kwa nguvu. Krrk, krrk.

*Randa ya bei rahisi.*
*Siyo ya Babu, siyo ya Babu.*

Mama akakaa chini. Machozi yakamtoka. "Mwanangu, nimenunua takataka."

Zaina akamfuta kwa gauni lake. "Sasa tutafanyaje?"

"Randa tutaitupa. Mbao tutapikia."

Zaina akaukumbatia ubao. Hakutaka kitanda cha Babu kiwe kuni.

"Mama, hujainoa."

"Ni mpya hiyo. Kitu kipya kinanolewa?"

"Ya Babu ilinolewa kila asubuhi. Wewe ulikuwa umeenda kuchota maji. Mimi nilikuwa nakaa naye."

Mama akamtazama. Alikuwa hajui hilo.

Jiwe la kunolea lilikuwa pale mlangoni. Mjomba hakulichukua. Alidhani ni la kuzuia mlango.

Wakachomoa kisu cha randa. Zaina akadondosha mafuta kidogo juu ya jiwe. Mama akasugua. Shwaa, shwaa.

Mikono ikachoka. Wakapokezana. Shwaa, shwaa.

Mama akarudisha kisu ndani ya randa. Akasukuma polepole.

Fyuuu.

Maranda yakatoka, membamba, yamejikunja kama nywele za mtoto mchanga.

*Randa ya bei rahisi.*
*Siyo ya Babu, siyo ya Babu.*
*Lakini inakata.*

"Na nyundo tuinoe?" akauliza Zaina.

"Hiyo hapana, mwanangu. Hiyo ni mbovu kweli."

Jirani akaleta nyundo yake. Ko, ko, ko. Kitanda kikaisha. Upande mmoja ulikuwa juu kidogo, basi wakaweka kipande cha kadibodi chini ya upande wa pili.

Jioni Zaina akalala kwenye kitanda chake. Akapapasa ubao. Ulikuwa laini.

"Mama, Babu angeipenda randa yetu?"

"Kwanza angeicheka."

"Halafu?"

"Halafu angeiazima, asirudishe."

Zaina akacheka. Katikati ya kicheko, akaanza kulia.

"Namtaka Babu."

"Hata mimi namtaka," akasema Mama. "Hebu sogea."

Mama akapanda, akamkumbatia. Kitanda kikalia kwii, kisha kikatulia.

Wakalala wote wawili, na kitanda kikawabeba mpaka asubuhi.