Raba Zilizoanikwa Juu ya Tanuri

Mtaani walimwita Mama Mita. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji, nyumba kwa nyumba, siku tano kwa wiki. Alitoka asubuhi na daftari, kalamu mbili na raba zake nyeupe za kukimbilia. Kila alipofika penye mita alipiga goti, akafunua kifuniko cha chuma, akafuta vumbi kwa kidole, akasoma namba. Kisha akainuka, akaenda nyumba ya pili. Hadi jioni alikuwa amepiga goti mara sabini. Hata wacha Mungu hawapigi magoti kiasi hicho.

Aliipenda kazi yake. Alijua mbwa yupi hubweka bure na yupi hana mzaha. Alijua bomba la nani linavuja kabla mwenyewe hajajua. Ila miezi miwili hii goti lake la kulia lilikuwa limeanza vituko. Kwanza lilichoma kidogo wakati wa kuinuka. Baadaye likakataa kuinuka mpaka ashike ukuta.

Msimamizi wake alimwita ofisini.

"Mama Mita, wiki ya tatu hii hujamaliza nyumba za mlimani."

"Ni goti, bosi."

"Nimesikia. Basi mwezi ujao usipomaliza, nitakuhamishia dirishani. Utakaa kwenye kiti, utapokea malalamiko ya wateja."

Msimamizi alidhani anamfanyia hisani. Mama Mita alitoka pale machozi yanamlengalenga. Yeye na kiti hawakuwahi kupatana. Kukaa kutwa nzima akisikiliza watu wanaogomba, bila kuona mlima wala mbwa wake, kwake ilikuwa adhabu.

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake la kusema.

"Ni uzito," alisema mume wake. Yeye alikuwa mwokaji wa mikate, na tanuri lake lilikuwa uani. "Punguza mkate."

"Nani ananijazia mkate kwenye sahani?"

"Mimi najaza tu. Mlaji ni wewe."

"Ni baridi hiyo," alisema mama mkwe. "Funga goti kwa kitambaa cha sufu, mwanangu."

Mdogo wake, aliyekimbia naye kila Jumamosi, alisema ni uchovu. Mwenzake wa kazini alisema ni uzee, na wakati huo Mama Mita alikuwa na miaka thelathini na minane. Muuguzi wa zahanati alilibonyeza goti, akalikunja na kulikunjua. Akasema mfupa hauna kasoro.

"Unavaa viatu gani kazini?" muuguzi aliuliza.

"Raba. Bado mpya kabisa."

Muuguzi akaandika kitu, akamwita mgonjwa mwingine.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mama Mita alifunga sufu, akapunguza mkate, akapaka dawa ya kuchua inayonuka chumba kizima. Goti likazidi. Hakujua tena amsikilize nani. Alilala akiwaza kiti cha dirishani.

Raba zenyewe hakuna aliyezishuku, kwa sababu zilikuwa zinang'aa. Kila Jumamosi jioni alizisugua kwa brashi na dawa ya meno. Kisha aliziweka juu ya tanuri la mumewe, kwenye matofali yenye joto. Jumapili asubuhi zilikuwa kavu kama mkate wa juzi.

"Ipo siku mteja ataniuliza kwa nini mkate unanuka soksi," mumewe alikuwa akilalamika.

Siku moja soli ya raba ya kulia ilibanduka kwenye ncha. Mama Mita akazipeleka kwa fundi viatu wa pale mtaani. Alikuwa mwanamke mwembamba, kibanda chake cha mabati, sindano imechomekwa kwenye kilemba. Watu walimwita Fundi Sindano.

"Fundi, nipigie gundi hapa. Kesho naenda kazini."

Fundi alizipokea, akazigeuza. Akabonyeza ubavuni mwa soli kwa kidole gumba. Akazisimamisha juu ya ubao ulionyooka, akazitazama kwa nyuma. Akashika kiatu kimoja huku na huku, akakisokota kama anayekamua nguo. Halafu akamrudishia.

"Gundi siweki."

"Mbona? Raba mpya hizi."

"Juu ni mpya, dada. Ndani zimekufa zamani."

Alizitazama raba, akamtazama fundi. Akafikiri labda ni mbinu ya kumuuzia kitu, lakini mule kibandani hamkuwa na kiatu cha kuuza.

"Njoo ubonyeze mwenyewe," alisema fundi. Akachukua raba ya mteja mwingine, akamshika kidole na kukiweka ubavuni mwa soli. Palibonyea, kisha pakarudi. "Sasa bonyeza hapa kwako."

Pale kwake palikuwa pagumu kama ubao. Palikuwa na mikunjo mingi midogo ubavuni.

"Kati ya soli ya chini na unyayo wako kuna tabaka laini kama sponji," fundi alieleza. "Hilo ndilo linalopokea kishindo kila ukikanyaga. Likifa, kishindo kinapanda mguuni, kinafika gotini. Na ona, zimesimama upande. Kisigino kimelika nje. Kila hatua mguu wako unapinda."

"Lakini hazijatoboka."

"Raba haisubiri itoboke ndipo ife. Unatembea kilomita ngapi kwa siku?"

"Kama nane hivi."

"Tangu lini?"

"Nilizinunua mwaka juzi, mwezi kama huu."

"Una daftari. Hesabu."

Mama Mita aliandika. Nane kwa siku tano, arobaini kwa wiki. Mia na sitini kwa mwezi. Miezi ishirini na minne. Kalamu ilisimama. Akarudia hesabu, maana hakuamini.

"Elfu tatu mia nane na arobaini," alisema taratibu. "Na hapo sijaweka mbio za Jumamosi."

"Raba ya kukimbilia kwa kawaida inachoka kati ya kilomita mia tano na mia nane. Kutembea kunaila polepole kuliko kukimbia, lakini kunaila. Wewe umeipitisha mara nne na ushee." Fundi alitabasamu. "Mita za watu unazisoma kila mwezi. Ya kwako anaisoma nani?"

Mama Mita alifunga daftari.

"Na unazianikia wapi?"

"Juu ya tanuri."

Fundi alichomoa sindano kilembani, akaiweka chini kabisa, kana kwamba habari hiyo ilihitaji mikono miwili.

"Dada, umezioka. Joto linakausha ile sponji na kulegeza gundi. Raba huoshwa kwa mkono, hujazwa karatasi ndani, huanikwa kivulini penye upepo. Na ukinunua nyingine, nenda mchana wakati miguu imevimba kidogo. Vaa soksi zako za kazi. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Tembea nazo humo dukani."

Jumamosi hiyo alikwenda dukani. Raba zilijaa ukuta mzima, nyekundu, kijani, zenye mistari na zenye matundu ya hewa, naye akasimama pale kama aliyeingia mtaa asioujua. Muuzaji alimsifia zile za bei kali. Lakini Mama Mita alikumbuka kidole gumba. Alibonyeza, akavaa, akatembea, akachagua za kawaida zilizomkaa sawa.

Sasa za zamani zifanyweje? Hapo kukaanza mkanganyiko wa pili.

"Nipe nizitie tanurini," alisema mumewe. "Dakika moja tu."

"Kitu hakitupwi wala hakichomwi," alisema mama mkwe. "Weka kwenye gunia langu." Gunia hilo lilikuwa chini ya kitanda chake, na ndani mlikuwa na jozi sita za miaka mingi. Hakuna aliyezivaa, hakuna aliyethubutu kuziulizia.

Mdogo mtu ndiye aliyemaliza mjadala. "Dada, hizi nyeupe hivi uzitupe? Nipe mimi."

Mama Mita akampa. Alisita kidogo, lakini zilikuwa zinang'aa, na kumnyima ndugu ni vibaya.

Wiki tatu baadaye mdogo wake alikuja akichechemea. Alikuwa ameshika goti.

"Sijui nini kimenipata, dada. Sikuanguka, sikujigonga."

Mama Mita alitazama miguuni mwake. Raba zilikuwa zilezile, zimebandikwa ncha kwa gundi. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Alichokimbia yeye, alikuwa amemvika nduguye kwa mkono wake mwenyewe.

"Vua," alisema. "Kosa ni langu. Vua sasa hivi."

Jioni ileile alimwita Fundi Sindano nyumbani. Mama mkwe alilitoa gunia chini ya kitanda, shingo upande. Jozi zote zikamwagwa uani, saba pamoja na zile nyeupe. Vumbi lilimpalia kila mtu.

"Zichome zote, yaishe," alisema mwokaji.

"Usijaribu, shemeji," alisema fundi. "Hizi ni plastiki, mpira na gundi. Moshi wake ni sumu. Utaupumua wewe, na mkate wako utanuka moshi huo. Ukizitupa jalalani zitakaa huko mpaka wajukuu wa wajukuu, maana haziozi. Ukizifungia guniani hazimfai mtu. Mama, shikamoo, sisemi kwa ubaya."

"Marahaba. Sema tu, umeshaanza," alisema mama mkwe.

Fundi alikaa kwenye kigoda. Alibonyeza kiatu kimoja kimoja. Jozi mbili zilikuwa hai. Zilikuwa za mwokaji, alizozivaa mara chache kisha tumbo likamshinda kukimbia.

"Hizi zioshwe. Zifungwe pamoja kwa kamba zake, kiatu kimoja kisipotee. Apewe mtu atakayezivaa kweli. Lakini kabla ya kumpa mwenzako, jiulize: ningezivaa mimi leo? Kama hapana, usimpe."

Mama Mita alimtazama mdogo wake. Mdogo wake akacheka, akamsukuma bega.

Jozi moja ilikuwa imechoka kwa kukimbilia ila inafaa kwa kumwagilia bustani. Mama mkwe aliidaka kabla haijatua chini. Nne zilizobaki zilikuwa zimekufa, nyeupe zikiwemo. Fundi alichomoa kamba na matandiko ya ndani, akakata vipande vya soli vya kutilia viraka viatu vya wateja.

"Mabaki haya yaende kwenye lile sanduku mlangoni mwa duka la michezo. Yawe makavu, yasiwe na tope. Duka linayapeleka kiwandani, yanasagwa punje ndogo. Punje hutandikwa chini kwenye viwanja vya watoto na kwenye kumbi za mazoezi, pawe laini. Si kila duka lina sanduku hilo. Uliza kwanza."

"Kwa hiyo kiatu kibovu kinakuwa sakafu?" aliuliza mwokaji.

"Kinapokea kishindo cha mtu mwingine."

Mwokaji alikuna kichwa. Kesho yake alibeba mfuko mwenyewe mpaka dukani, na aliporudi alisema sanduku lilikuwa limejaa nusu, kumbe si wao peke yao.

Mama Mita aliandika tarehe kwa kalamu ndani ya ulimi wa kila raba yake mpya. Nyuma ya daftari la kazi alichora mstari, na kila Ijumaa akaandika kilomita za wiki. Juu ya tanuri sasa palikaa mikate tu.

Goti halikupona siku moja. Muuguzi alimfundisha mazoezi, naye akayafanya akishika mlango wa jikoni. Wiki ya kwanza aliona ni kujisumbua bure. Ya tatu aliacha sufu. Mdogo wake akapona mapema zaidi, akanunua raba zake, akaandika tarehe bila kuambiwa.

Siku ya mwisho ya mwezi aliopewa na msimamizi, Mama Mita alianza na mlima. Saa sita kasorobo alibakiwa na mita moja ya mlimani, ile ya shule iliyo juu kabisa. Ilikuwa chini kando ya ukuta, karibu na bembea za watoto. Chini ya bembea palikuwa pametandikwa sakafu mpya, nyeusi, yenye chembe nyeupe na za machungwa hapa na pale.

Alibonyeza kwa kisigino. Palibonyea, kisha pakarudi. Hakuweza kujua ni raba za nani.

Akaisogelea mita, akapiga goti. Akafunua kifuniko, akafuta vumbi kwa kidole, akaandika namba. Alipomaliza alikuwa ameshasimama, na mkono wake haukuwa umegusa ukuta.