Wa Nne Katika Bustani ya Lac Vert

Mijusi walikuwa wamekufa chini ya sanamu ya nne, matumbo juu. Papa Hilaire, mtunza bustani, aliweka ndoo chini akawatazama. Mjusi kufa si habari. Huku Lac Vert, karibu na Goma, kila mtu anaijua mazuku, ule upepo mbaya usioonekana, unaotuama katika mashimo ya mawe ya volkano na kuua mbuzi na watoto wa watu kabla jua halijapanda. Lakini mazuku hukaa chini, haipandi. Sanamu ile ilisimama juu ya mwinuko, penye upepo. Hilaire akawafagia mijusi, akainua ndoo yake.

Sanamu zilikuwa za mwenye nyumba, Mama Consuelo, mwanamke wa Meksiko ambaye mume wake alikuja kujenga barabara. Baba yake, fundi wa huko kwao, ndiye aliyezichonga kwa mti na kuzipaka kila rangi aliyoijua: jogoo mwenye pembe, nyoka mwenye mabawa, chura mwenye meno ya chui, na wa nne, mbwa mwenye mkia wa samaki. Yule baba alikuwa amefariki. Mama Consuelo akazipanga nje, juu ya mawe meusi, watu wa Goma waje kuziona Jumapili, naye apate kumlilia mzee wake bila mtu kujua kwamba analia.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, authenticité, ile siasa ya kurudi kwenye asili, imepamba moto, na majina ya ubatizo watu waliyaacha nyumbani. Siku chache kabla ya mijusi kufa, mkubwa mmoja wa mtaa alikuja, akazunguka na tumbo lake, akaamua kwamba wanyama hao hawawezi kukaa Zaïre bila majina ya Kizaïre. Mama Consuelo akamgeukia Hilaire. Naye Hilaire, Mnande wa Butembo, hakujiumiza kichwa. Kwao mtoto wa kiume hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa, basi akanyoosha kidole kutoka wa kwanza: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule. Watu wakacheka. Alikuwa akitania tu, maskini.

Jioni, katika kijumba chao nyuma ya bustani, mke wake Wivine aliposikia habari hiyo, mwiko ulimponyoka.

"Hilaire, umeita nani?"

"Ni miti tu, mama Paluku."

"Kakule ni mutoto yetu. Na ile shimo iko pale chini!"

Kakule wao, mtoto wa nne, alimfuata mbuzi katika shimo lililo chini ya bustani hiyohiyo, alfajiri moja isiyo na upepo, akalala humo kama mtoto aliyechoka kucheza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tangu siku ile Hilaire hakulitaja jina hilo, na siku alipolitaja, alilitaja kwa mzaha.

Baada ya mijusi wakafuata ndege. Kisha ikaja harufu chachu, kama kasiksi, pombe ya ndizi, iliyosahauliwa mtungini, na chini ya harufu hiyo, harufu ya kichwa cha mtoto. Wivine aliitambua. Akaanza kupeleka uji pale kwenye mwinuko kila jioni, na kila asubuhi bakuli lilikuwa tupu. Msimcheke. Ni mama gani asingepeleka?

Siku moja mtoto wao wa mwisho, Katembo, aliyezaliwa baada ya Kakule, aliacha kula, akamtaja kaka yake polepole:

"Mama, yaya Kakule anasikia baridi. Anasema nishuke, tulale wawili."

Tangu hapo Katembo akaanza kukohoa. Na alfajiri moja Wivine alipapasa mkeka, mkono wake ukakuta pahali pa mtoto pamepoa, akatoka bila kitenge, akakimbia juu ya mawe yanayokata nyayo, akampita jogoo, akampita nyoka, akampita chura, akaona kwamba jiwe la nne halina kitu juu yake, na kule chini, kwenye ukingo wa shimo, mbwa yule wa mti amesimama akitazama ndani, rangi yake imelowa maji, na pembeni yake Katembo amepiga magoti, kichwa kimeinama, mkono mmoja umeshika mkia wa samaki wa yule mbwa kama mtu anayeshikwa mkono. Hilaire alimfikia kwanza, akamvuta kwa shati.

Walimwita Mama Nyirarukundo, mganga wa milima ya Masisi. Hakuuliza mengi. Alifunga majani makavu kwenye kamba, akayawasha, akayashusha shimoni. Moto ukazimika mara moja.

"Munaona? Jini iko humu," alinong'ona. "Si mutoto yenu. Lakini mulimupatia jina, na jini imekaa ndani yake. Mama ahesabu batoto yake hapa, amuruke ule wa nne. Na asimutaje tena hata siku moja."

"Nikimuruka, atakuwa wapi?"

"Hatakuwa."

"Na kama ni yeye kweli? Kama alikuja tu sababu ya baridi?"

Mganga alikunja kamba yake. Kisha akasema, "Mama, uko na Katembo."

Wivine akasimama ukingoni. "Paluku. Kambale. Kasereka."

Kutoka shimoni sauti ndogo ikaitika: "Mama?"

Hilaire alianguka chini akilia, ule msiba wote wa zamani ukamtoka. Wivine alijiuma mdomo mpaka damu, akasema, "Katembo."

Sanamu ikaanguka yenyewe. Waliisukuma ndani, wakajaza shimo mawe, na Mama Consuelo akabeba mawe pamoja nao, ingawa sanamu ile ilikuwa kazi ya mkono wa baba yake. Katembo aliacha kukohoa juma lilelile.

Sasa Katembo ni kijana mwenye ndevu. Mtu akimuuliza Wivine ana wavulana wangapi, hujibu wanne, na uso wake haubadiliki. Lakini zipo alfajiri zisizo na upepo, ambapo chini ya mawe yale mtoto huhesabu polepole: Paluku. Kambale. Kasereka. Kisha hunyamaza, akingoja mtu amtajie anayefuata.

Wivine huziba mdomo wake kwa kitenge, akakaa hivyo mlangoni mpaka jua lipande.