Tunamwomba Mwenzetu

Mdogo wangu alipotaka kununua nyumba iliyopakana na bustani ya umma, tulikaa tukaipima. Faida: upepo, kivuli cha bure, na hakuna jirani wa kukujengea ghorofa likachungulia bafuni kwako. Hasara: kelele, na mipira ya watoto wa watu kutua kwenye sufuria. Mimi nilimwambia anunue. Nalea wanangu wote katika vyumba viwili. Mtu akiniambia kelele ni hasara, namcheka tu.

Mdogo wangu ni fundi cherehani, anashonea nyumbani. Mumewe ni dereva wa safari ndefu. Kwa hiyo mchana alibaki yeye na binti yao, tuliyemwita Kijino tangu meno ya mbele yamtoke. Kila alasiri mpira uliangukia uani, na nyuma ya ukuta sauti ya mtoto ikauomba. Mdogo wangu aliurudisha bila hata kuchungulia, pini amezibana midomoni. Mtoto wa mwenzio ni wako. Lakini hao watoto hakuwahi kuwaona.

Siku hiyo nilikwenda kumsaidia kufua. Manyunyu yalipoanza nikapanda juu ya paa la zege kuanua nguo. Kutoka pale bustani yote unaiona. Mageti yalikuwa yamefungwa. Bembea zimetulia. Mlinzi amejibanza kibandani kwake, mbali kule. Hapakuwa na mtu mwingine.

Chini nikasikia: "Mama, tunaomba mpira wetu."

Nikatazama nyuma ya ukuta, palepale sauti ilipotokea. Majani matupu.

Mdogo wangu akaurusha. Mpira ukavuka ukuta. Haukuanguka. Ulifika usawa wa kifua cha mtoto, ukatulia hewani. Kisha sikuuona tena.

"Asante, mama. Tunamwomba na mwenzetu, aje tucheze."

Mdogo wangu akacheka. Akawatania kwamba mwenzao bado hajaoga, ananuka. Halafu akamnyanyua Kijino juu ya ukuta awasalimie, kama ambavyo mzazi yeyote angefanya.

Nilitaka kupiga kelele. Nguo zikanidondoka. Ngazi nilizishukaje, sijui.

Nilipofika uani Kijino alikuwa amelala kifudifudi juu ya ukuta, nusu huku, nusu kule. Mama yake ameng'ang'ania miguu. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa anacheka, taratibu, kama anayetekenywa.

"Dada," mdogo wangu akanong'ona. "Wanamvuta."

Nikamshika kiuno. Tukavuta. Upande wa pili nao wakavuta. Bila kelele. Bila hasira. Kama watoto wanaovutana kamba.

"Si mwenzenu," nikasema. "Huyu ana kwao."

Wakaachia. Tukaanguka wote watatu kwenye matope. Kijino akajifuta uso, akanitazama kwa kinyongo.

"Mama mkubwa, mbona umewakatalia?"

Sikungoja kusikia zaidi. Tulibeba nguo tulizoweza, tukafunga mlango kwa kufuli, wakaja kulala kwangu. Kijino nilimlaza katikati ya wanangu, nikauvuta mlango wa chumba nikauegemea.

Kesho yake shemeji alirudi kutoka safari, akapitia kule kuchukua cherehani. Akanipigia simu. Kwanza aliniuliza kama mkewe yuko karibu, nikatoka nje. Akasema kwamba ukutani, upande wa ndani, kuna nyayo ndogo za matope, vidole vimeelekea chini. Nyingi. Zimevuka ua. Zimepita sebuleni. Zimefika mpaka mlango wa mbele.

Nikamuuliza kama kufuli limevunjwa.

"Kufuli ni zima, shemeji," akasema, polepole. "Ila nyayo zinaendelea nje. Zimeshika njia ya kuja kwako."