Kipanga Mkubwa na Kipanga Mdogo

Kila asubuhi Elsie aliwafungulia kuku wake, kisha akaanika omena, dagaa wa ziwani. Aliishi Port Victoria, karibu na ziwa. Alimpenda kuku mmoja mwekundu kuliko wote, kwa sababu alipewa na marehemu mama yake. Kuku huyo aliangua vifaranga kumi na viwili. Baada ya wiki mbili walibaki saba.

Mwizi alijulikana. Kwenye mkaratusi nyuma ya nyumba waliishi vipanga wawili. Mmoja alikuwa mkubwa, hatoki kiotani. Mwingine alikuwa mdogo. Huyo ndiye aliyewinda na kumletea mwenzake chakula.

Masinde, mume wa Elsie, aliwatazama akatoa hukumu.

"Hiyo kubwa ndio bwana," alisema. "Inakaa tu, inatuma bibi kuiba. Nikiua bwana, bibi atahama."

Elsie alicheka moyoni, maana alimjua mwanamume mmoja aliyependa kukaa. Lakini kupotea kwa vifaranga kulimuuma, hakumzuia. Masinde akachukua manati.

Jirani yao Debra aliwakuta chini ya mti, manati imeshavutwa. Debra aliwahi kuongoza wageni kutazama ndege huko Kisumu. Alimwomba Masinde angoje kidogo.

"Baba Robinson, huyo mkubwa ni mama. Analalia mayai. Mdogo ndiye baba, na ndiye anachukua vifaranga vyenu."

Masinde hakuamini. Baba awe mdogo kuliko mama? Debra akaeleza taratibu. Kwa kuku, jogoo ndiye mkubwa. Kwa ndege wengi wanaowinda, jike ndiye mkubwa. Wataalamu bado wanabishana ni kwa nini. Wengine husema dume mdogo ni mwepesi, hukamata ndege wenye mbio na kulisha familia. Jike mwenye mwili mkubwa hutunza mayai na kulinda kiota. Wengine husema wakitofautiana kwa ukubwa, kila mmoja huwinda chake, hawagombanii chakula.

"Ukiua mama, mayai yatapoa," Debra alimaliza. "Na mwizi wako bado atakuja."

Elsie alimtazama kuku wake mwekundu, aliyewafunika watoto kwa mabawa. Alikumbuka siku ishirini na moja ambazo kuku huyo alilalia mayai, akiamka kula tu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Alimwonea huruma yule mama wa juu mtini.

"Shusha hiyo kitu, Baba Robinson," alisema.

Debra aliwashauri wawafungie vifaranga na mama yao mpaka wakue. Masinde alichukua wavu wake wa samaki uliochakaa, akauzungusha kwenye vigingi, akafunika na juu. Elsie aliweka maji na chakula ndani.

Tangu siku hiyo hakuna kifaranga aliyepotea. Wote saba walikua. Juu mtini nako, mayai yalianguliwa.

Asubuhi moja kipanga mdogo alileta njiwa, akampa mkewe, akaruka tena bila kupumzika. Masinde alimtazama kwa muda mrefu.

"Pole, ndugu yangu," alisema.

Kisha akachukua mtungi, akaenda kuteka maji kabla Elsie hajamtuma.