Mizizi Juu ya Vidonge

Wanajamii wenzangu, nyumba ya Marciana pale Kidodi ilikuwa imetulia. Mumewe, Casmir, alikuwa na kisukari, lakini alimeza vidonge vyake asubuhi na jioni, akaenda shambani kwenye miwa yake kama kawaida. Utulivu huo haukudumu.

Mama mkwe, Bibi Costancia, alishuka kutoka Vidunda na mizizi ya kuchemsha. Alisema inashusha sukari, na kweli inashusha. Casmir akawa anakunywa kikombe kizima juu ya vidonge vilevile. Roho ya Marciana haikutulia. Lakini walipoulizwa kliniki kama anatumia dawa nyingine, Casmir alitikisa kichwa, naye mkewe akainamia kitambaa chake. Mwezi uliotangulia mama mmoja alifokewa mbele ya foleni nzima kwa sababu ya miti shamba. Nani anataka aibu hiyo?

Siku ya kuvuna, lori likipakiwa, Casmir alianza kutetemeka, jasho likimchuruzika, maneno hayaeleweki. Akaokota kipande cha muwa akipeleke mdomoni. Marciana akampokonya.

"Unataka kujiua? Sukari imepanda hiyo!"

Akakimbilia chupa ya mizizi waliyokuja nayo shambani, akamnywesha. Alifanya kwa mapenzi, ndiyo maana inauma. Casmir akalegea, akaanguka. Dereva wa lori aliwakimbiza zahanati, Marciana akimwita mumewe kwa jina njia nzima.

Nesi Generoza alimpima, akashtuka. Sukari ilikuwa imeshuka mno.

"Mama, amekunywa nini kingine?"

Marciana alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mizizi. Tangu mwezi uliopita. Tuliogopa kufokewa."

Generoza hakufoka. Alimtundikia dripu ya sukari, kisha akasema taratibu kwamba katika kosa hilo na wao wauguzi wamo.

Casmir alipona, tumshukuru Mungu, ila akili haikurudi yote. Hadi leo anamwita Marciana kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki. Marciana anaitika.

Funzo

Sikatazi miti shamba. Hata mimi nimeinywa. Ninachokataza ni kuificha. Mwambie mganga unameza vidonge gani, na mwambie nesi unachemsha nini. Mgonjwa wa kisukari akitetemeka na kutoka jasho, apimwe upesi. Huenda sukari imeshuka. Nanyi wauguzi, mkitufokea tutawaficha, na tukiwaficha tutazika.