Pima Kabla ya Chai

Nyumbani kwa Kipsang, karibu na Sigowet, siku ilianza na chai. Moto kwanza, sufuria kwanza, maneno baadaye. Na chai yenyewe lazima iunguze ulimi, la sivyo utasema umepewa maji ya kunawa.

Mke wake, Chepkosgei, alikuwa amepasuliwa goita, ule uvimbe wa shingoni. Kidonda kilipona vizuri. Lakini baadaye akaanza kusikia baridi hata juani. Uso ukavimba, sauti ikawa nzito. Alisinzia akichuma majani chai, kikapu mgongoni. Daktari wa hospitali kubwa akaeleza kwamba tezi iliyobaki shingoni haina nguvu. Tezi hiyo ndiyo huupa mwili joto na kuuendesha moyo. Akampa vidonge, aanze na kipimo kidogo, kiongezwe polepole.

Jirani yao, Sista Phelis Nyanchoka, alikuwa muuguzi wa dispensari. Aliwaazima kipimajoto. Akawaonyesha mshipa wa mkononi, mahali pa kuhesabu mapigo ya moyo.

"Mpime kila asubuhi," alisema. "Mkiona mabadiliko, mniambie."

Kipsang alikipokea kile kipimajoto kama mtu aliyepewa nyoka. Hakumwamini Phelis hata kidogo. Kwa nini mama huyu ametoka Kisii kununua shamba linalopakana na lake? Na mbona anauliza hali ya mke wa mtu kila siku?

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia Chepkosgei. "Nitapima mimi mwenyewe."

Akapima. Joto lilikuwa juu. Kesho yake, juu tena. Mapigo nayo yalikwenda mbio.

"Umeona? Hii dawa ni sumu! Sista amekula njama na daktari. Anataka ufe, mimi nichoke niuze shamba, yeye anunue."

"Lakini nasikia nafuu, Baba Kiprono."

"Sumu tamu ndiyo mbaya zaidi."

Vidonge vikatupwa darini. Chepkosgei naye, maskini, shaka ikamwingia. Akaacha hata kuitikia salamu za Phelis. Shaka ni kama upele, haikai kwa mtu mmoja.

Baridi ikarudi, na usingizi ukarudi nao. Asubuhi moja Chepkosgei alisinzia kando ya jiko, na leso yake ikashika moto. Kipsang aliuzima kwa mikono yake mwenyewe, akipiga kelele. Aliogopa sana. Mke wake alikuwa anapotea mbele ya macho yake, na sasa hapakuwa na dawa ya kulaumu.

Phelis alisikia kelele, akaruka ua, akaingia. Alimtazama Chepkosgei usoni.

"Vidonge viko wapi?"

"Nilivitupa," alisema Kipsang. "Vilikuwa vinamchoma. Nilipima!"

"Ulipima namna gani?"

"Akitoka mtoni na maji, akinywa chai yake, ndiyo napima."

Phelis akashika kiuno. "Uuui! Baba Kiprono, wewe umepima chai!"

"Ati nini?"

"Mdomo umetoka kwa kikombe cha moto, kipimajoto kitasema nini? Na mtu amepanda mlima na maji kichwani, moyo usikimbie?"

"Hayo ni maneno yako tu."

"Sawa, usiniamini. Jipime wewe."

Kipsang alikubali, kwa hasira. Akanywa kikombe kizima, akaweka kipimajoto chini ya ulimi. Lo! Homa! Akakaa nusu saa bila kunywa kitu. Phelis akakikung'uta mpaka zebaki ikashuka, akamrudishia. Homa haikuwepo.

"Sasa mimi ni mgonjwa ama si mgonjwa?" aliuliza Kipsang.

"Wewe ni mgonjwa wa chai," alisema Phelis. Chepkosgei alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi.

Kisha Phelis akaacha mzaha. "Pimeni akiwa bado kitandani, ametulia. Weka vidole viwili kwenye mshipa, usitumie kidole gumba, kwa sababu nacho kina mapigo yake. Hesabu dakika nzima kwa saa yako. Kidonge ameze kwa maji, akae kidogo ndipo anywe chai. Na msiache dawa wala kuongeza kwa akili zenu. Hiyo ni kazi ya daktari. Leo hii twende kwake."

Daktari alimwanzisha tena kwa kipimo kidogo. Polepole uvimbe ukaisha, baridi ikaondoka. Chepkosgei akarudi kuchuma chai akiimba. Baadaye daktari akaongeza kipimo.

Siku si nyingi baadaye, asubuhi, kabla ya moto kuwashwa, Kipsang alihesabu mapigo. Yalipita mia moja. Akahesabu upya. Yalikuwa yale yale. Mikono ya Chepkosgei ilitetemeka.

Kipsang alitazama upande wa nyumba ya Phelis, akavishika vidonge mkononi. Chepkosgei aliogopa kwamba shaka ile imerudi.

"Utavitupa tena?" aliuliza.

"Hapana. Vaa viatu. Twende tukaulize."

Phelis aliwapeleka hospitali. Daktari alipima, akapunguza dawa.

"Mmefanya vizuri kuja mapema," alisema. "Moyo ungeumia. Nani aligundua?"

Chepkosgei alimwonyesha mumewe kwa kidole.

"Ni huyu, daktari. Huyu haamini kitu mpaka apime."