Vipimo vya Siku Tano

Kila siku saa kumi na nusu alasiri, Afra akitoka shuleni alipitia jengo la pili kutoka kituo cha treni cha Queensbury, akapanda hadi ghorofa ya tatu na kugonga mlango wa Bi Kalpana. Kazi iliyompeleka ilikuwa nyepesi kuliko kupiga mswaki. Alisoma kipimajoto kilichobandikwa ukutani, akasoma na kipimaunyevu kilichokuwa kando yake, akaandika namba mbili kwenye daftari la kijani. Halafu alikula kachori moja, akaenda zake. Kachori haikuwa sehemu ya utafiti, ila bila hiyo utafiti ungekufa wiki ya kwanza.

Utafiti ulikuwa wa baba yake, Miraji Vuai. Kwao Unguja alikuwa mhandisi, na watu walimwita Injinia hata msikitini. London hawakukitaka cheti chake, wakampa spana. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akitengeneza maboila ya kupasha joto nyumba za kupanga, na jambo moja lilimkera: kila kuta zilipoota kuvu, wakaguzi waliwalaumu wapangaji. Mnapika mno, waliambiwa, mnachemsha mno. Miraji aliamini kosa ni la saa ya boila, iliyopangwa kuzima moto mchana kutwa, kuta zikapoa mpaka zikatoa jasho. Na kuvu hiyo ilikuwa imemwingia Bi Kalpana kifuani. Bibi huyo, mzaliwa wa Kisumu aliyezeekea London, alipopumua ungedhani kuna birika linachemka jikoni.

Majira ya baridi ya mwaka 1999, Miraji alikwenda kumtengenezea boila Dakta Harjit, mhadhiri wa uhandisi. Boila lilipona, na mhadhiri akabaki kumsikiliza fundi. Akamwalika kwenye kongamano la mwezi wa Aprili, la kuwakutanisha watafiti wa vyuo, wenye viwanda na mafundi wa kazini. Alisema makundi hayo matatu hugusa boila lile lile bila kusalimiana. Alitaka jambo moja tu: vipimo vya siku sitini.

Miraji alitoka kazini saa kumi na mbili, upande wa pili wa jiji. Kwa hiyo daftari akalikabidhi kwa binti yake.

"Usikisie," alimwambia. "Ukikosa siku, acha wazi. Nafasi wazi haina aibu."

Afra, kwa Kiingereza kama kawaida yake, alijibu kwamba yeye si mtoto. Baba akasema hata Unguja wenye miaka kumi na miwili husema hivyo hivyo, ila kwa Kiswahili.

Siku thelathini na nane zilikwenda vizuri. Mwezi wa Februari Bi Kalpana akaalikwa harusi ya mpwa wake huko Leicester. Alimpa Afra ufunguo uliofungwa uzi mwekundu, akamwagiza mambo mawili: aingie apime kama kawaida, na amwambie baba yake kwamba yeye Bi Kalpana hayupo.

Afra hakufanya hata moja. Wiki ile rafiki yake Makena alikuwa amenunuliwa mchezo mpya wa kompyuta, na fleti isiyo na Bi Kalpana, kwa hesabu ya Afra, haikuwa na kachori. Angemwambia baba, angekumbushwa kila asubuhi. Basi ufunguo ukalala chini ya mkoba, karibu na viatu vya michezo. Ijumaa alikaa kitandani kwa Makena akaandika siku zote tano kwa mkupuo. Alichukua namba za wiki iliyopita, akapunguza hapa, akaongeza pale. Alibadilisha hata kalamu, asije akashukiwa. Angepima kweli, asingechoka vile.

Siku ya kongamano Miraji alivaa suti ya harusi yake, ambayo sasa ilikuwa na maoni yake kuhusu tumbo. Mkewe alikuwa zamu hospitali, kwa hiyo alifuatana na Afra na Bi Kalpana. Mlangoni walibandikwa lebo za majina. Wengine waliandikiwa Profesa, Dakta, Mkurugenzi. Ya Miraji iliandikwa Bwana. Akasema afadhali, lebo nyepesi haichoshi.

Alizungumza robo saa, na hata waliofuata kahawa waliweka vikombe chini. Grafu yake iliwaka ukutani kwa mwanga wa projekta. Alipomaliza, akasimama mwakilishi wa kampuni moja ya maboila, bwana mwenye tai ya njano. Alimwuliza Bi Kalpana kwa adabu nyingi alipika nini wiki ya tarehe nane Februari, maana unyevu siku hizo ulikuwa bado juu.

Bi Kalpana akacheka. Wiki hiyo hakupika chochote, alisema. Alikuwa Leicester akila vya wenzake, na fleti imefungwa tangu Jumatatu hadi Jumamosi.

Ukumbi ukavuma. Dakta Harjit akanyanyuka kitini. Nyumba tupu, hakuna sufuria motoni, na bado kuta zimelowa? Ushahidi gani tena ungetakiwa? Kwa dakika moja hapakuwa na mtu mwenye furaha London nzima kama Miraji.

Tai ya njano hakuketi. Namba za wiki hiyo, alisema, zinafanana mno na za wiki iliyotangulia, kama kwamba bibi alikuwemo ndani akipumua na kuchemsha chai. Labda kwa umri wake amechanganya tarehe. Watu wachache wakacheka. Bi Kalpana akafungua mkoba, akaanza kuitafuta kadi ya harusi.

"Afra," baba aliita.

"Abee."

"Uliingia siku zile?"

Ilitosha kuitikia kwa kichwa tu. Baba angeshinda, kampuni ingenyamaza, na hakuna ambaye angejua. Afra alimtazama bibi aliyekuwa akipekua mkoba ili asionekane mzee aliyepotewa na akili.

"Sikuingia, Baba," alisema, kwa Kiswahili. "Nilizibuni. Siku zote tano."

Ukumbini walioelewa walikuwa wawili tu. Bi Kalpana akafunga mkoba wake polepole. Miraji angeweza kuyatafsiri maneno yale apendavyo. Aliwageukia watu, akayasema kwa Kiingereza moja baada ya jingine: namba za siku tano zimebuniwa, zilizobaki hawezi tena kuziapia, na mada yake anaiondoa. Akaitoa grafu kwenye projekta, ukuta ukabaki mweupe. Tai ya njano hakucheka, na hilo liliuma zaidi.

Walirudi kwa treni mpaka Wembley Park. Hapo Bi Kalpana akasema, kama anayezungumza na dirisha, kwamba alimwachia Afra kachori tano kwenye friji. Aliporudi alizikuta zote, akadhani mtoto ameona haya kula nyumba isiyo na mwenyewe.

Baridi iliyofuata walianza upya. Afra alipima siku sitini, mbili akaziacha wazi kwa sababu ya homa. Bi Kalpana akaenda Leicester siku tano, safari hii kwa ajili ya utafiti, na kuta zikatoa jasho bila sufuria hata moja kukaa motoni. Aprili Miraji alizungumza tena. Tai ya njano mwenyewe aliomba nakala, na kabla ya majani kupukutika saa ya boila la jengo lile ilirekebishwa. Kuvu ikakauka.

Bi Kalpana hakuiona ikikauka. Baridi ile ya pili ilimmaliza kifua, daktari akamkataza kuishi tena kwenye fleti ile, akahamia kwa dada yake Leicester moja kwa moja. Fleti wakapewa vijana wawili ambao sasa hulalamika kwamba joto limezidi.

Afra alimwuliza baba yake kama Bi Kalpana angepona, lau vipimo vingekuwa vya kweli tangu mwanzo. Miraji hakumpa jibu la kumbembeleza.

"Sijui, mwanangu. Najua ulimwongezea baridi moja nzima." Kisha akaongeza: "Profesa akikosea, cheti chake kinamtetea. Mwenye kiwanda ana mawakili. Fundi hana kitu ila hiki: akisema alikwenda akaona, basi alikwenda akaona. Ulisema kweli mbele ya watu, na nilikuona. Lakini ilitakiwa Ijumaa ile."

"Ningeacha wazi," Afra alisema.

"Ungeacha wazi. Tungejua pa kurudi, na Bi Kalpana angekwenda tena Leicester wiki ya pili yake, tukapima fleti tupu, kisha akarudi kwake."